Zafarani si Chotara wa Spishi Mbili: Kisa cha Krokasi Tasa

Swali lenyewe ni la uzazi. Mmea unaotoa zafarani, Crocus sativus, hauzai mbegu na haujulikani kuota porini popote. Kila tunguu lililomo mashambani mwa Irani, Kashmir, Hispania, Morocco na Ugiriki limetokana na tunguu jingine, lililochimbwa na kupandwa upya kwa mkono wa binadamu. Basi wazazi wake ni nani?

Kwa zaidi ya miaka 40 wataalamu walivutana. Kundi moja lilisema mmea huu ni chotara wa spishi mbili tofauti za krokasi, yaani jenasi ya Crocus. Kundi jingine lilishikilia kwamba damu yake yote ni ya spishi moja tu, na kwamba kinachoonekana kigeni ndani yake ni tofauti za kawaida za ukoo huohuo. Mwaka 2019 maabara mbili za Ujerumani, kila moja kwa njia yake, zilileta majibu yanayokubaliana: kundi la pili lilikuwa sahihi. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha waziwazi jinsi mtu anavyoweza kuita mmea chotara kwa kuwa tu hajaona vya kutosha jamaa zake wa karibu.

Zafarani yenyewe watu wa pwani wanaijua. Imo kwenye biriani ya harusi, na imo kwenye wino wa kombe unaoandikiwa aya kwenye sahani kisha ukaoshwa na kunywewa. Mmea wake ndio ambao wengi wetu hatujauona, kwa kuwa unataka kiangazi kikavu kinachofuatwa na baridi. Krokasi nyingi ambazo watu wa Ulaya huzipanda bustanini huchanua baridi inapoisha. Zafarani na jamaa zake wako upande wa pili wa mwaka: hulala kimya ardhini wakati wa joto, kisha huchomoza maua mwezi wa kumi au wa kumi na moja, msimu wa mapukutiko, mvua za kwanza zinapoilowesha ardhi.

Ua la krokasi lina petali sita, stameni tatu (viungo vya kiume vinavyotoa chavua), na mrija mmoja wa kike unaogawanyika juu kuwa matawi. Katika zafarani matawi hayo ni matatu, mekundu sana, marefu hata yananing'inia nje ya ua. Hizo ndizo stigma, nyuzi tunazonunua. Ovari iko chini ya ardhi, karibu na tunguu, na kile kinachoonekana kama bua ni bomba la ua lenyewe. Anayeokota maua porini sharti ahesabu stameni kabla ya jambo lolote. Kuna mmea mwingine unaochanua msimu huohuo kwa rangi ileile ya zambarau hafifu, Colchicum, nao una stameni sita. Una sumu ya kolchisini, na umewahi kuua watu. Ajabu ni kwamba sumu hiyohiyo hutumika maabara kuzuia seli zisimalize kugawanyika, ili kromosomu, vijiti vya ndani ya seli vinavyobeba vinasaba, zionekane na zihesabike. Bila kolchisini kisa hiki kingechelewa sana.

Mkanganyiko wa majina ulianza mapema. Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyeweka misingi ya majina ya kisayansi ya mimea, mwaka 1753 aliiweka zafarani na krokasi ya baada ya baridi katika spishi moja, akazitenganisha kama aina mbili tu za Crocus sativus. Leo tunajua hizo ni koo zilizo mbali kabisa. Miaka 90 baadaye William Herbert, kasisi Mwingereza aliyependa sana mimea ya matunguu, aliipa jina krokasi ya porini kutoka Ugiriki: Crocus cartwrightianus. Baadaye wako walioishusha tena ikawa aina tu ya zafarani. Kwa hiyo hata kabla ya mtu yeyote kuhesabu kromosomu, jicho lilikuwa limeshakosea kwa pande zote mbili. Liliunganisha visivyohusiana, na likayumba juu ya vinavyohusiana.

Cartwrightianus ndiye mshukiwa wa kwanza katika kesi hii, kwa hiyo tumtazame vizuri. Huota katika Attica, yaani eneo linaloizunguka Athens, katika visiwa vya Cyclades na Krete, kwenye miteremko ya mawe na vichaka vifupi. Ana matawi mekundu marefu kama ya zafarani, ingawa kwa kawaida ni mafupi kidogo. Ya zafarani hufika sentimita 3. Koo la ua, yaani sehemu ya ndani petali zinapokutana, ni jeupe au zambarau, na lina vinyweleo. Ua likishafunguka halijifungi usiku, tabia ambayo krokasi nyingi hazina, na zafarani anayo hiyohiyo.

Ukitembea kwenye kilima kimoja cha Attica mwezi wa kumi na moja utaona cartwrightianus mweupe kabisa, mwingine mweupe wenye mishipa ya zambarau, mwingine zambarau nzito, wote wamepangana hatua chache. Sababu ni kwamba mmea huu haukubali chavua yake wenyewe. Lazima apate ya jirani, kwa hiyo kila mbegu ni mchanganyiko mpya. Jambo hili lilionekana dogo kwa muda mrefu. Kumbe ndilo lililokuwa limeubeba ufumbuzi wote.

Washukiwa wengine wako kundi lilelile, na wote huchanua msimu wa mapukutiko. Crocus hadriaticus wa magharibi na kusini mwa Ugiriki kwa kawaida ni mweupe, na koo lake mara nyingi ni la manjano. Crocus thomasii wa Italia na pwani ya ng'ambo ya Adriatiki ni zambarau mwenye koo la manjano hafifu. Crocus oreocreticus ni wa milima ya Krete, na anafanana sana na cartwrightianus isipokuwa mgongo wa petali zake za nje una rangi ya fedha iliyofifia. Kisha kuna Crocus pallasii, aliyetawanyika kuanzia Balkani kupita Uturuki hadi Mashariki ya Kati. Stigma zake ni fupi, na nyuzinyuzi za ganda la tunguu lake hupanda juu zikafanya shingo. Uturuki kuna wengine zaidi, akiwemo Crocus mathewii mwenye petali nyeupe na koo la zambarau iliyokolea, ambaye alipewa jina katika miaka ya 1990 tu.

Mtu akiwa na ua moja mkononi, bila tunguu na bila kujua limetoka kilima gani, anaweza kuwachanganya watatu kati ya hawa bila aibu yoyote. Rangi ya petali ndiyo alama inayovutia macho, na ndiyo inayodanganya kuliko zote. Alama zinazostahili kuaminiwa zaidi ni rangi na vinyweleo vya koo, urefu wa stigma ukilinganishwa na petali, ganda la tunguu, na iwapo majani yametoka pamoja na ua au bado. Hata hizo hazitoshi kwa mmea mmoja. Inabidi kupima mimea mingi ya kilima kimoja na kuona tofauti zimeenea kutoka wapi hadi wapi.

Mwaka 1977, kwenye bustani ya Kew, London, kazi mbili zilitoka kwa pamoja. Brian Mathew alichunguza maumbile ya zafarani na jamaa zake, C. A. Brighton alichunguza kromosomu. Mathew alimwona cartwrightianus kuwa ndiye mwenye kufanana zaidi na zafarani kuliko jamaa wengine wote. Brighton alieleza kwa nini mmea hauzai. Krokasi hawa wa porini wengi wana kromosomu 16, seti mbili za nane nane. Zafarani ana 24, seti tatu.

Seti tatu ni balaa kwa uzazi. Wakati wa kutengeneza chavua na mayai, kromosomu hutakiwa kujipanga wawili wawili kisha kuachana. Zikiwa tatu tatu, moja hubaki bila mwenzi, mgawanyo unavurugika, na chavua nyingi huharibika. Ndiyo maana mkulima wa zafarani hategemei mbegu. Tunguu la mwaka huu hunyauka likiacha matunguu machanga juu yake, na hayo ndiyo mbegu yake.

Hesabu hii ilifunga mlango mmoja na kufungua mwingine. Iliondoa baadhi ya washukiwa, au angalau ikawatia mashakani. Pallasii, kwa mfano, hana idadi moja: kuna jamii zake zenye kromosomu 12, nyingine 14, nyingine 16. Kwa kawaida yai na chavua hubeba nusu tu ya kromosomu za mmea; ukichukua yai la cartwrightianus lisilopunguzwa, lenye zote 16, ukaongeza chavua ya pallasii wa 14, yenye saba, unapata 23. Haifiki. Anayetaka kumtetea mshukiwa huyo analazimika kutafuta jamii nyingine au kubuni hatua za ziada njiani, na kila hatua ya ziada inaidhoofisha hoja.

Mlango uliofunguka ulikuwa wa aina nyingine. Kromosomu za zafarani zikipangwa kwa umbo, nyingi hujipanga katika makundi ya tatu zinazofanana. Lakini katika kundi la tano moja haifanani na wenzake wawili. Hapo ndipo nadharia ya uchotara ilipopata nguvu. Hoja ilikuwa rahisi na yenye mvuto: ikiwa seti mbili ni za mzazi mmoja na ya tatu ina kromosomu yenye umbo la kigeni, basi ya tatu imetoka kwa mgeni. Kinachonishangaza ni kwamba kwa muda mrefu wachache waliuliza swali la upande wa pili. Je, cartwrightianus wote wana kromosomu ya tano yenye umbo moja? Hoja nzima ilisimama juu ya dhana kwamba ndani ya spishi moja kila kitu ni sare, wakati spishi yenyewe inajionyesha mlimani kwa rangi kumi tofauti.

Watafiti wa Italia, hasa Giuseppe Chichiriccò wa L'Aquila, walikwenda njia ya vitendo. Walichukua chavua za spishi za porini wakazipaka kwenye stigma za zafarani. Zafarani akipewa chavua yake mwenyewe haleti kitu, lakini akipewa ya cartwrightianus au thomasii alitoa mbegu zilizoota. Kazi hii ilikuwa muhimu kwa wenye ndoto ya kuboresha zao. Hata hivyo kama ushahidi wa uzazi ina tundu. Kwamba mimea miwili inaweza kuzaa pamoja kunathibitisha ujamaa wa karibu tu, hakumtaji baba. Waswahili husema kitanda hakizai haramu, lakini kwenye meza ya maabara kupatikana kwa mtoto hakuthibitishi baba ni nani: jamaa wote wa kundi hili wako karibu kiasi cha kupokeana chavua.

Kisha zikaja mbinu za vinasaba. Mwaka 2015 kundi lililolinganisha alama za vinasaba za zafarani na jamaa zake lilihitimisha kwamba wazazi wanaoelekea zaidi ni cartwrightianus na pallasii au jamaa wake wa karibu. Yaani chotara. Wasomaji wengi walidhani mzizi wa fitina umekatwa. Hitimisho hilo halikuwa uzembe, na sipendi kulisimulia kama kichekesho. Mbinu zile zinaonyesha vipande vya vinasaba vipo au havipo. Ukikuta kipande kwenye zafarani ambacho hakipo kwenye cartwrightianus uliowapima, lakini kipo kwenye pallasii, unaandika kwamba kimetoka kwa pallasii. Kimantiki ni sawa, kwa sharti moja: cartwrightianus uliowapima wawe wanawakilisha cartwrightianus wote. Na spishi inayochavushana na majirani, yenye vilima na visiwa vingi, haiwakilishwi na mimea michache iliyokaa kwenye vyungu vya mkusanyaji.

Kazi ya Zahra Nemati, Dörte Harpke, Frank Blattner na wenzao, iliyotoka kwenye taasisi ya utafiti wa mazao ya Gatersleben, Ujerumani, ilianza hasa hapo. Walikwenda Ugiriki kuwakusanya cartwrightianus kutoka maeneo mbalimbali, pamoja na spishi nyingine za kundi hilo. Kisha wakatumia mbinu ya kuukata uzi wa vinasaba kwa vimeng'enya na kusoma maelfu kwa maelfu ya vipande kwa mkupuo. Kwa wingi huo wa alama mtu haulizi tena kama kipande fulani kipo; anauliza ni sehemu gani ya zafarani yote inayopatikana ndani ya spishi fulani. Jibu lilikuwa asilimia 99.3. Karibu kila kitu kilichomo kwenye zafarani kimo ndani ya cartwrightianus wa porini. Na waliofanana nayo zaidi walikuwa wale wa Attica, karibu na Athens.

Jibu hilo linaeleza pia kwa nini utafiti wa nyuma ulipotoka. Vile vipande vilivyodhaniwa vya kigeni vilikuwa vya cartwrightianus siku zote. Havikuwemo tu kwenye mimea iliyochukuliwa kama sampuli. Pallasii alikuwa navyo pia kwa sababu ni jamaa, na jamaa hurithi vitu vilevile kutoka kwa babu mmoja wa zamani. Kufanana kwa namna hiyo hakuhitaji ndoa.

Mwaka huohuo kundi la Dresden, likiongozwa na Thomas Schmidt na Tony Heitkam, lilishambulia tatizo kutoka upande wa kromosomu zenyewe. Waliunda vipande vya vinasaba vilivyotiwa rangi zinazong'aa, ambavyo hunasa mahali maalumu kwenye kromosomu. Ukivitumia kadhaa pamoja, kila kromosomu huonyesha mpangilio wake wa rangi, na unaweza kuitambua moja moja badala ya kukisia kwa umbo na urefu. Walizitambua za zafarani, kisha wakazilinganisha na za jamaa wa porini. Tofauti ndani ya makundi ya tatu tatu zilikuwepo kweli. Macho ya 1977 hayakukosea kuona. Ila tofauti hizohizo zilipatikana ndani ya cartwrightianus pia. Spishi hiyo ina mimea yenye kromosomu za maumbo tofauti kidogo, na zafarani ilichukua kutoka zaidi ya umbo moja.

Kwa hiyo picha kamili ni hii. Mimea miwili ya cartwrightianus, isiyofanana kabisa, ilichavushana mahali fulani Attica. Mmoja ulitoa seli ya uzazi yenye kromosomu zote 16 kwa sababu mgawanyo wa kupunguza ulishindikana, ajali inayotokea mara chache katika mimea mingi. Mwingine ulitoa nane kama kawaida. Mbegu ikapata 24. Mmea ulioota ulikuwa na stigma ndefu, na hapo mtu akauona, akauchimba, akaupeleka kwake. Bila mtu huyo mmea ungekufa bila kizazi, ama ungebaki kishada kidogo kwenye kilima kimoja.

Hapa kuna jambo la istilahi ambalo naona linastahili msimamo. Kundi la Dresden lenyewe liliita zafarani mchanganyiko wa maumbo ya cartwrightianus, na ukitaka unaweza kuuita uchotara wa ndani ya spishi. Mimi napendelea kuliacha neno chotara kwa muungano wa spishi mbili, na huu wa ndani kuuita kwa jina lake, tofauti za ndani. La sivyo kila mtoto wa wazazi wawili wasiofanana atakuwa chotara na neno litakosa kazi.

Wasomaji wa Maziwa Makuu wana kisa hikihiki nyuma ya nyumba. Ndizi za kupika za nyanda za juu, zile za Bukoba na Buganda, zina seti tatu za kromosomu, hazina mbegu, na hupandwa kwa machipukizi. Seti zao zote tatu ni za spishi moja, Musa acuminata, ingawa zimechanganya matawi tofauti ya spishi hiyo. Mkono wa tembo nao una seti tatu na hauna mbegu, lakini ni chotara halisi: seti mbili za acuminata na moja ya Musa balbisiana. Migomba miwili, yote tasa, yote ya seti tatu, na asili mbili tofauti. Utasa peke yake haukuambii lolote kuhusu uchotara. Unakuambia tu kwamba kromosomu zimeshindwa kupangana.

Machotara wa kweli wa krokasi wapo, na ni vizuri kujua wanavyotambulika. Mfano wa bustanini ni Crocus speciosus na Crocus pulchellus, wote wa msimu wa mapukutiko. Wa kwanza ana chavua ya manjano. Wa pili ana stameni nyeupe na madoa ya manjano iliyoiva kooni. Wakipandwa karibu, miche inayojiotea huja na alama zilizochanganyika za pande zote mbili, rangi ya stameni ikiwa katikati, doa la koo likiwa nusu. Ushahidi hapo unalala juu ya mambo matatu kwa pamoja: wazazi wote wawili wapo mahali pamoja, alama kadhaa zisizohusiana zinakaa katikati kwa wakati mmoja, na miche yenyewe hutofautiana kila mmoja na mwenzake. Alama moja ya katikati, kwa mfano rangi ya petali peke yake, haitoshi. Zafarani haikuwahi kutimiza masharti hayo. Hakuna alama yake hata moja inayokaa katikati ya cartwrightianus na mwingine. Stigma zake ni ndefu kuliko za wote.

Upande wa pili wa kisa ni tofauti ndani ya zafarani yenyewe, na hapa macho hudanganya kwa namna nyingine. Wafanyabiashara na wakulima husisitiza kwamba zafarani ya Kashmir ni mmea mwingine na ya La Mancha, Hispania, ni mwingine. Mashamba kweli hutofautiana kwa ukubwa wa maua, kina cha rangi, wakati wa kuchanua, na mara nyingine hutokea ua lenye stigma zaidi ya tatu. Watafiti wa Hispania waliochunguza matunguu kutoka nchi mbalimbali walichapisha mwaka 2009 kwamba hawakuona tofauti za vinasaba. Mwaka 2015 uchunguzi wa mkusanyiko mkubwa zaidi ulikuta tofauti ndogo sana za vinasaba, lakini tofauti kubwa za alama za kikemikali zinazokaa juu ya vinasaba na kuamua ni jeni zipi zifanye kazi. Ni kloni moja, yaani nakala za mmea mmoja, iliyozoea udongo na baridi mbalimbali kwa karne nyingi.

Majina ya sokoni nayo hayana uhusiano na mimea. Sargol, negin, pushal za Irani, mongra na lacha za Kashmir, yote ni majina ya namna nyuzi zilivyokatwa na kupangwa: kama zimebaki nyekundu tupu au zimeachiwa sehemu ya manjano ya chini. Ubora hupimwa maabara kwa kiwango cha ISO 3632, ambacho pamoja na mambo mengine hupima nguvu ya rangi ya krosini, kemikali inayoipa zafarani rangi yake, kwa mwanga wa nanomita 440. Anayekuuzia "mbegu bora ya Kashmir" kwa bei ya mara mbili anakuuzia tunguu lilelile la Hispania, pengine limelelewa vizuri zaidi. Tunguu kubwa hutoa maua mengi kuliko dogo, na hiyo ndiyo tofauti utakayoiona msimu wa kwanza.

Kuhusu wakati, picha za ukutani za Akrotiri kwenye kisiwa cha Santorini zinaonyesha wanawake wakichuma maua ya krokasi na kuyapeleka kwa mungu wa kike. Picha hizo zilifunikwa na majivu ya volkano takriban karne ya 17 au 16 KK. Je, maua hayo ni ya cartwrightianus wa porini au tayari ni zafarani ya seti tatu? Mchoro hauwezi kuhesabu kromosomu. Mwaka 2022 watafiti walioziweka picha hizo kando ya ushahidi wa vinasaba walisema vyote viwili vinaelekeza Ugiriki ya kale, na mimi naona hapo ndipo picha zinapoweza kufika. Knossos, Krete, kuna somo la tahadhari: picha ya mchuma zafarani iliyokutwa vipande vipande ilikarabatiwa kwanza kama mvulana, na baadaye ikagundulika kwamba ni nyani wa buluu. Vipande vichache vikiungwa kwa dhana iliyokwisha kuwepo kichwani huleta kiumbe asiyekuwepo, na hilo ndilo lililompata pallasii pia.

Kinachofuata baada ya 2019 ni cha mkulima. Kloni moja maana yake ni udhaifu mmoja: kuvu wa Fusarium anayeozesha tunguu Kashmir anakuta mlango uleule Hispania na Italia. Kwa zao lisilo na mbegu, kupata aina mpya kulihitaji kwanza kujua wazazi. Waliodhani baba ni pallasii au thomasii wangetumia miaka wakichavusha mimea isiyo na uwezo wa kurudisha zafarani.

Sasa njia inaonekana. Mtu anaweza kuchukua cartwrightianus wa Attica, akakusanya kwa makusudi wenye stigma ndefu na wenye kuhimili kuvu, akaziongeza mara mbili seti za kromosomu za baadhi yao kwa kolchisini ili wawe na kromosomu 32, kisha akawachavusha na wale wa 16. Mbegu zitakazotoka zitakuwa na 24, kila moja zafarani mpya yenye mchanganyiko wake. Kazi ni ndefu, kwa kuwa krokasi inayoanzia kwenye mbegu huchukua takriban miaka mitatu au zaidi kabla ya kutoa ua la kwanza, na hakuna anayeweza kuhukumu nyuzi kabla ya ua kufunguka. Na malighafi yote ya kazi hiyo iko kwenye vilima vinavyozunguka jiji kubwa la Athens, ambalo bado linapanuka, kwa hiyo kuwakusanya na kuwahifadhi cartwrightianus wa Attica, weupe kwa wa zambarau, ni kazi ya kutangulia kabla ya uchavushaji wowote.